Kuotesha Mkojo na Kutambua Bakteria: Mwongozo kwa Maabara Ndogo ya Nairobi

Uoteshaji wa mkojo, yaani kupanda mkojo kwenye sahani yenye lishe ili bakteria waliomo waote, ni kazi ya kuhesabu kabla ya kuwa kazi ya kutambua. Bakteria wanaoishi kwenye ngozi iliyo karibu na tundu la mkojo huingia ndani ya chombo karibu kila mara, hata mgonjwa akijitahidi vipi, na kwa sababu hiyo kuona kitu kimeota kwenye sahani hakutoshi kusema kwamba mtu ana maambukizi. Tunachotafuta ni idadi ya bakteria waliokuwamo katika mililita moja ya mkojo ulipotoka mwilini, pamoja na idadi ya aina zao. Hatua zote zitakazoelezwa hapa, kuanzia maelezo anayopewa mgonjwa mpaka ukubwa wa kitanzi cha waya kinachochota mkojo, zinailinda au kuiharibu hesabu hiyo.

Mwongozo huu unamlenga mtaalamu wa maabara aliyesajiliwa, anayefanya kazi katika kituo chenye otoklevu (chombo cha kutakasa vifaa kwa mvuke wa moto), inkubeta (kabati la joto la kuoteshea), friji na darubini, lakini kisicho na mashine ya kutambua bakteria yenyewe. Maabara za namna hiyo ni nyingi Nairobi, na uoteshaji mzuri unawezekana kabisa ndani yake.

Chombo na saa

Mpe mgonjwa chombo tasa chenye mdomo mpana na kifuniko cha kuzungusha, kisha umweleze wewe mwenyewe, faraghani na kwa sauti ya chini, namna ya kukitumia. Kazi hii haifai kuachiwa mtu wa mapokezi. Maelezo kwa mwanamke yanaweza kuwa hivi: "Mama, nawa mikono kwanza. Tenganisha midomo ya sehemu za siri kwa vidole, jioshe kwa maji safi kutoka mbele kwenda nyuma, anza kukojoa chooni, halafu kinga mkojo wa katikati bila kukatiza, na umalizie chooni. Usiguse ndani ya chombo wala ndani ya kifuniko." Mwanamume ambaye hajatahiriwa arudishe govi nyuma kabla ya kujiosha. Sabuni ya kuua viini haitakiwi, kwa kuwa mabaki yake yakiingia kwenye mkojo yanaweza kuwaua bakteria tunaowatafuta. Mkojo wa kwanza wa asubuhi ndio bora, kwa maana umekaa ndani ya kibofu kwa saa kadhaa na bakteria wamepata muda wa kuongezeka humo.

Mgonjwa aliyewekewa mpira wa mkojo asichukuliwe sampuli kutoka kwenye mfuko unaoning'inia kando ya kitanda, kwa kuwa mfuko huo ni bwawa la bakteria. Safisha kwa spiriti sehemu maalumu iliyopo kwenye mrija, uache ikauke, kisha uvute mkojo kwa sindano. Kwa mtoto mchanga aliyebandikiwa kifuko cha plastiki, jibu la kwamba hakuna kilichoota lina maana, lakini kikiota kitu usikiamini mpaka upate sampuli iliyochukuliwa kwa njia safi zaidi.

Baada ya hapo saa inaanza kuhesabika. Mkojo usiohifadhiwa unatakiwa upandwe ndani ya saa 2 tangu utolewe. Escherichia coli, bakteria wa utumboni anayeongoza kwa maambukizi ya mkojo, akiwa kwenye mchuzi wenye lishe, kwenye joto la nyuzi 37, hujigawa mara moja kila dakika 20 hivi. Juu ya meza hujigawa polepole zaidi, lakini mchana mmoja unatosha kabisa kuwageuza bakteria elfu chache wa ngozini kuwa laki moja. Sasa fikiria kituo cha kukusanyia sampuli kilichoko Kayole au Githurai, ambacho humngoja mtu wa bodaboda apite saa sita mchana kubeba vyombo vyote kwa pamoja kuvipeleka mjini. Mkojo uliotolewa saa mbili asubuhi na kufika saa saba mchana umekaa nje saa tano, na namba yoyote utakayoiandika juu yake inaeleza safari ya barabarani kuliko hali ya kibofu.

Tiba yake haina gharama kubwa. Chombo kikiwekwa mara moja kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na 8, na kusafirishwa ndani ya kisanduku chenye vipande vya barafu, hesabu itabaki ilivyo kwa muda usiozidi saa 24. Njia nyingine ni kutumia chombo chenye asidi ya boriki, ambayo huwazuia bakteria kuongezeka, na mkojo uliomo unaweza kungoja mpaka saa 48. Chombo hicho sharti kijazwe mpaka kwenye mstari uliochorwa, kwani mkojo ukiwa kidogo asidi inakuwa kali kupita kiasi na kuwaua baadhi ya bakteria. Kwenye lebo andika saa ambayo mkojo ulitolewa. Saa ya kupokelewa inakusaidia wewe na daftari lako. Saa ya kutolewa inamsaidia mgonjwa. Mimi huirudisha sampuli isiyo na saa hiyo, kwa adabu, na sijapata kumwona daktari aliyekasirika baada ya kuelezwa sababu.

Kutengeneza agari juu ya mwinuko

Agari ni lishe iliyogandishwa ambayo bakteria huota juu yake. Kwa mkojo peke yake, agari inayofaa zaidi kwa maabara ndogo ni ile iitwayo CLED. Ndani yake mna laktosi (sukari ya maziwa), kuna rangi ya bromothaimoli bluu inayogeuka njano bakteria anapoichachusha laktosi hiyo, na chumvi imepunguzwa makusudi ili Proteus asitambae sahani nzima na kuwafunika wenzake. Karibu bakteria wote wa kawaida wa njia ya mkojo huota juu yake, wakiwamo wale wa Gram chanya, yaani wanaobaki zambarau wakipakwa rangi za Gram (Gram hasi huwa waridi). Wengi hutumia jozi ya agari ya damu na agari ya MacConkey, na jozi hiyo ni nzuri pia, ingawa inakula sahani mbili kwa kila mgonjwa. Chumvi za nyongo na kristali violeti zilizomo kwenye MacConkey huwazuia Gram chanya, kwa hiyo usiitumie pekee: utamkosa Enterococcus na Staphylococcus saprophyticus, kisha uandike kwamba hakuna kilichoota.

Ukitumia agari ya damu, tafuta damu ya kondoo, uichanganye kwa asilimia 5 pale agari inapopoa kufikia nyuzi 45 hadi 50. Damu ya binadamu iliyopitwa na muda hupatikana kwa urahisi, na najua kwamba hutumika, lakini inaweza kuwa na antibiotiki au kingamwili za mtoaji, na anayeimwaga kwenye sahani anajiweka katika hatari ya virusi bila sababu.

Kuna jambo moja ambalo vitabu vilivyoandikwa pwani za Ulaya na Marekani havina haja ya kulisema, nalo ni mwinuko. Nairobi iko takriban mita 1,795 juu ya usawa wa bahari, na maji hapa huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Agari ya unga itachukua muda mrefu kidogo kuyeyuka kwa kuchemshwa, na hilo si tatizo kubwa. Tatizo ni otoklevu ndogo inayofanana na sufuria ya presha, yenye saa ya kuonyesha shinikizo bila kipimajoto. Kanuni ya shinikizo la pauni 15 kwa inchi mraba kwa dakika 15 inakusudia kufikisha mvuke nyuzi 121, na inafanya hivyo mtu akiwa Mombasa. Saa hiyo ya otoklevu hupima tu ziada iliyo juu ya hewa inayotuzunguka, na hewa ya Nairobi ni nyepesi, kwa hiyo pauni 15 hapa huleta nyuzi 118 hivi. Ili kupata nyuzi 121 unahitaji karibu pauni 18. Kabla ya kupandisha, soma kiwango cha juu ambacho mtengenezaji ameruhusu, na kama chombo hakiruhusiwi kufika hapo, ongeza muda na uthibitishe kwa vichupa vya mbegu za Geobacillus stearothermophilus, bakteria anayestahimili moto sana. Utepe unaobadilika rangi hauthibitishi kwamba mzigo umekuwa tasa. Unaonyesha tu kwamba mzigo uliwahi kupata moto. Otoklevu zenye kihisi cha joto hujirekebisha zenyewe, na mwenye nayo anaweza kuruka aya hii.

Mimina mililita 15 hadi 20 kwa kila sahani ya milimita 90, uache zigande juu ya meza iliyo sawa, kisha uzigeuze kifudifudi. Chagua sahani moja au mbili katika kila mzigo, uziweke kwenye inkubeta usiku kucha bila kupanda kitu; zikiota, mzigo wote unatupwa. Chagua nyingine upande Escherichia coli ATCC 25922, bakteria wa marejeo ambaye sifa zake zinajulikana, kuhakikisha kwamba inageuka njano ipasavyo. Ni kazi ya siku moja zaidi, na maabara inayoiacha huja kuijutia siku ambayo wagonjwa sita wa wadi tofauti wanapata bakteria yule yule mmoja.

Kupanda

Kabla ya kupanda, geuza chombo juu chini mara kadhaa, taratibu, kwa kuwa bakteria hutuama. Weka tone moja la mkojo usiozungushwa kwenye mashine ya kutuamisha kwenye slaidi, uliache likauke bila kulitandaza, kisha ulipake rangi za Gram. Ukiona walau bakteria mmoja katika kila uga (eneo linaloonekana kwa mara moja) wa lenzi ya mafuta ya darubini, mkojo huo una bakteria wasiopungua 100,000 kwa mililita, na daktari anaweza kupigiwa simu siku hiyo hiyo. Tone la pili litazamwe bila rangi kwa ajili ya seli za usaha. Seli nyingi za ngozi zilizo bapa zinakuonya mapema kwamba sampuli imechafuliwa.

Kitanzi chenye kipimo ndicho moyo wa kazi hii. Viko vya maikrolita 1 na vya maikrolita 10, vya plastiki au vya waya. Kile cha maikrolita 1 kishikwe wima, kizamishwe kidogo tu chini ya uso wa mkojo, kitolewe wima vilevile. Ukikilaza au ukikizamisha mpaka kwenye shina, kitabeba zaidi ya kipimo chake. Gusa katikati ya sahani, vuta mstari mmoja ulionyooka kutoka juu hadi chini, kisha, bila kurudi kwenye mkojo wala kuchoma kitanzi, pita kwa mistari ya kukatiza iliyosongamana kutoka ukingo mmoja mpaka mwingine. Upandaji wa robo nne tuliofundishwa kwa sampuli za usaha haufai hapa, kwa sababu hauwezi kuhesabiwa.

Geuza sahani kifudifudi na uiweke kwenye inkubeta ya nyuzi 35 hadi 37, katika hewa ya kawaida, kwa saa 18 hadi 24. Umeme ukikatika usiku, inkubeta isiyofunguliwa hutunza joto lake kwa muda, lakini Julai, chumba kinapokuwa baridi, hupoa haraka kuliko watu wanavyodhani. Acha ndani yake kipimajoto kinachokumbuka kiwango cha chini kabisa, ukisome asubuhi kabla ya kusoma sahani. Kama joto lilishuka, ongeza saa na uandike hivyo kwenye daftari.

Kuhesabu

Koloni ni doa linaloonekana kwa macho, lililotokana na bakteria mmoja aliyeongezeka. Koloni moja kwenye sahani iliyopandwa kwa maikrolita 1 inawakilisha bakteria 1,000 kwa mililita, kwa hiyo koloni 100 ni sawa na 100,000. Kwa kitanzi cha maikrolita 10, koloni moja ni 100, na laki moja hiyo ni koloni 1,000 zilizobanana kama mchele. Nilipokuwa mgeni kazini, vitanzi vya maikrolita 1 viliisha mahali nilipokuwa, tukaletewa vya maikrolita 10, nami nikaendelea kuzidisha kwa 1,000 kwa siku mbili nzima. Majibu yote ya siku hizo yalikuwa mara kumi ya ukweli. Tangu hapo huandika ukubwa wa kitanzi nyuma ya kila sahani, kando ya namba ya mgonjwa.

Kiwango cha 100,000 kina historia yake. Edward Kass, akifanya kazi Boston katika miaka ya 1950, alilinganisha wanawake wenye maambukizi ya figo na wasio na ugonjwa, akaonyesha kwamba kiwango hicho kinatenganisha vizuri bakteria walioko ndani ya kibofu na wale waliokokotwa kutoka ngozini. Mwaka 1982 Walter Stamm na wenzake, nao wakiwa Marekani, walionyesha kwamba kwa mwanamke mwenye dalili kali za kuungua na kukojoa mara kwa mara, hata bakteria 100 wa aina ya koli kwa mililita wanaweza kuwa ndio wanaosababisha ugonjwa. Ndiyo sababu fomu isiyosema chochote kuhusu dalili ni fomu nusu. Mwanamke kijana mwenye maumivu, ambaye sahani yake ina koloni 20 za Escherichia coli pekee na seli nyingi za usaha, haambiwi kwamba ni mzima. Kwa sampuli za namna hiyo pandisha kwa kitanzi cha maikrolita 10 tangu mwanzo, la sivyo bakteria 100 kwa mililita hawataonekana kabisa. Mkojo uliovutwa kwa sindano moja kwa moja kutoka kwenye kibofu ulipaswa kuwa tasa, na kwa hiyo bakteria yeyote aliyeota humo anatambuliwa.

Zikiota aina mbili, na kila moja ni nyingi, tambua zote mbili. Zikiota tatu au zaidi bila moja kuzidi wazi, andika kwamba sampuli inaonekana kuchafuliwa na uombe nyingine. Vishawishi vya kuchagua mmoja kati ya watatu na kumpa jina ni vikubwa hasa pale mgonjwa amelipa na amesafiri, lakini jina hilo litamletea dawa asiyoihitaji. Kwa mjamzito, Streptococcus wa kundi B aripotiwe hata akiwa wachache, kwa kuwa taarifa hiyo itahitajika wakati wa kujifungua.

Kutambua

Anza kwa macho. Kwenye CLED, Escherichia coli huwa na koloni za njano zisizopenyeza mwanga, zenye njano iliyokolea katikati. Klebsiella huwa ya njano iliyopauka mpaka nyeupe-buluu, kubwa, yenye ute unaovutika ukiugusa kwa kitanzi. Proteus huwa ya buluu na kupenyeza mwanga, na harufu yake hujitangaza mara kifuniko kinapoinuka, ingawa simshauri mtu yeyote ainuse sahani kwa makusudi. Pseudomonas aeruginosa huwa ya kijani yenye uso uliofifia na kingo zilizochakaa. Enterococcus ni vidoa vidogo vya njano, kama nusu milimita, ambavyo mtu mwenye haraka huvipita. Staphylococcus aureus huwa ya njano nzito, na ndugu zake wasio na koagulesi (kimeng'enya kinachogandisha plazima) huwa wa njano hafifu au weupe.

Macho hutoa dhana, vipimo hutoa jina. Chagua koloni moja iliyojitenga. Ikiwa hakuna iliyojitenga, ipandishe upya na usubiri siku moja zaidi, kwa maana vipimo vilivyofanywa juu ya mchanganyiko hutoa bakteria asiyekuwapo duniani. Fanya Gram ya koloni hiyo, kisha njia inagawanyika.

Vijiti vya Gram hasi, yaani bakteria wenye umbo la kijiti, vipimwe oksidesi kwanza, kimeng'enya kinachogeuza kitendanishi kuwa zambarau. Tumia kijiti cha mbao au kitanzi cha plastiki, kwa sababu waya wa nikeli na kromu huleta zambarau ya uongo, na uchukue koloni kutoka kwenye agari ya damu au agari ya kawaida, kwa kuwa asidi inayotokana na laktosi kuchachuka kwenye MacConkey au CLED inaweza kuvuruga jibu. Soma ndani ya sekunde 10. Rangi inayotokea baada ya dakika moja si jibu. Oksidesi chanya pamoja na kijani na harufu tamu kama ya zabibu inaelekeza kwa Pseudomonas aeruginosa, naye huthibitishwa kwa kuota kwenye nyuzi 42 na kwa kutoichachusha sukari yoyote kwenye TSI (mrija wa agari yenye sukari tatu na chuma, iliyogandishwa kwa mteremko), ambapo mteremko na kitako vyote hubaki vyekundu.

Oksidesi hasi inakupeleka kwenye familia ya utumbo, na hapo mirija minne au mitano ya bei nafuu inafanya kazi kubwa: TSI, sitrati ya Simmons, yurea ya Christensen, na SIM ambayo kwa mpigo mmoja inaonyesha gesi ya salfa, indoli na mwendo. Choma mirija kwa sindano nyoofu iliyogusa koloni, usikaze vifuniko, na usome TSI kati ya saa 18 na 24. Ukiisoma mapema, mteremko unaweza kuwa wa njano kwa glukosi tu, na ukichelewa, njano halisi inaweza kurudi nyekundu baada ya bakteria kuanza kula protini. Escherichia coli hugeuza TSI yote njano kwa gesi, hana weusi wa salfa, hutoa pete nyekundu ya indoli unapodondosha kitendanishi cha Kovacs, huiacha sitrati kijani na yurea bila rangi ya waridi, na kwa kawaida hutembea. Klebsiella pneumoniae naye hugeuza TSI njano kwa gesi, lakini hana indoli, huigeuza sitrati buluu, huigeuza yurea waridi polepole, na hatembei kamwe. Hilo la mwisho ndilo linalosaidia kumtenga na Enterobacter, ambaye hutembea. Proteus mirabilis ana mteremko mwekundu, kitako cha njano kilichofunikwa weusi, na yurea inayogeuka waridi ndani ya saa chache. Akiwa na indoli chanya pamoja na weusi huo na yurea hiyo, mfikirie Proteus vulgaris. Daktari aambiwe bila kuchelewa Proteus anapopatikana mara kwa mara kwa mgonjwa mmoja, kwa kuwa yurea ikivunjwa mkojo huwa na alikali na mawe hujijenga kwenye figo.

Kwa koki (bakteria wa mviringo) za Gram chanya, kipimo cha kwanza ni katalesi, kimeng'enya kinachotoa povu kwenye peroksidi ya haidrojeni. Povu likitoka ni Staphylococcus, na koagulesi ya mrija, kwa plazima ya sungura, isomwe baada ya saa 4 na tena baada ya saa 24. Ikiwa hasi, na mgonjwa ni mwanamke kijana, weka kidisiki cha novobiosini cha maikrogramu 5: Staphylococcus saprophyticus hakijali. Ikiwa chanya, una Staphylococcus aureus, na hapo shika simu. Bakteria huyu mara nyingi hafiki kwenye mkojo kwa kupanda kutoka nje, bali huchujwa na figo kutoka kwenye damu, kwa hiyo mgonjwa anaweza kuhitaji uoteshaji wa damu leo. Katalesi isipotoa povu, jaribu agari ya nyongo na eskulini na mchuzi wenye chumvi ya asilimia 6.5, anayeifanya ya kwanza kuwa nyeusi na kuota katika ya pili ni Enterococcus. Ikiwa Gram imeonyesha seli kubwa zenye machipukizi, hizo ni hamira za Candida, nazo ziwekwe kwenye seramu kwenye nyuzi 37 kwa saa 2 hadi 3 kutazama kama mrija wa chipukizi utatokea.

Kupima dawa

Sehemu hii ina mwongozo wake mrefu, nami nitataja tu yale yanayoharibu kazi mara nyingi. Tengeneza mchanganyiko wa koloni safi kwenye maji ya chumvi, uulinganishe na kiwango cha McFarland 0.5 (kipimo cha ukungu wa mchanganyiko) mbele ya kadi yenye mistari myeusi, uutumie ndani ya dakika 15. Pangusa agari ya Mueller-Hinton yenye unene wa milimita 4 kwa pande tatu, weka vidisiki vya dawa, na sahani iingie kwenye inkubeta ndani ya dakika 15 nyingine. Vidisiki hutunzwa kwenye baridi pamoja na vipakiti vya kufyonza unyevu, na kopo lifunguliwe baada ya kufikia joto la chumba, la sivyo umande utavilowesha na dawa itapungua nguvu. Pima kwa milimita mduara usioota bakteria kuzunguka kidisiki, na ulinganishe na jedwali la mwaka husika la CLSI (la Marekani) au EUCAST (la Ulaya), mashirika yanayoweka viwango vya vipimo hivi, usichanganye yote mawili.

Kuna dawa zisizopaswa kutokea kwenye karatasi ya majibu hata mduara ukionekana mzuri. Proteus ana usugu wa asili kwa nitrofurantoini, Klebsiella kwa ampisilini, na Enterococcus kwa sefalosporini zote. Nitrofurantoini yenyewe hufanya kazi ndani ya kibofu na haifiki vizuri kwenye tishu ya figo, kwa hiyo ikiwa fomu inataja homa na maumivu ya kiuno, ongeza sentensi moja ya kumkumbusha daktari. Pale Escherichia coli au Klebsiella wanapoonyesha usugu kwa sefotaksimu au seftazidimu, weka dawa hizo tena zikiwa na asidi ya klavulani. Mduara ukiongezeka kwa milimita 5 au zaidi, bakteria ana kimeng'enya cha ESBL, kinachovunja penisilini na sefalosporini nyingi, na jibu hilo lisingoje kuchapishwa. Kenya imekuwa na mpango wa kitaifa wa kupambana na usugu wa dawa tangu 2017, na takwimu zake hutegemea sahani kama hizi kusomwa kwa uaminifu.

Kutoa jibu

Jibu kamili hutaja namna mkojo ulivyochukuliwa, saa ulipotolewa, seli za usaha, idadi ya koloni kwa mililita, jina la bakteria na orodha ya dawa. Sahani isiyo na kitu baada ya saa 24 irudishwe mpaka saa 48 iwapo Gram au seli za usaha ziliashiria ugonjwa.

Usaha mwingi bila bakteria yeyote aliyeota unahitaji maelezo ya ziada. Huenda mgonjwa alikwisha kumeza antibiotiki alizonunua dukani, na hilo ni la kwanza kuulizwa, kwa kuwa dawa zenyewe hupatikana kila kona ya jiji. Huenda ni kifua kikuu cha figo, ambacho CLED haitakionyesha hata ukisubiri mwezi, na sampuli za asubuhi za siku kadhaa zipelekwe kwa GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya bakteria wa kifua kikuu. Palipo na damu pamoja na usaha, muulize alikokulia au alikotembelea: mtu wa Kwale au Tana River anaweza kuwa na kichocho cha mkojo, na mayai yake yenye mwiba mmoja mkiani hutafutwa kwenye mashapo ya mkojo uliotolewa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana.

Tunza sahani kwenye friji mpaka daktari awe amelipokea jibu na muda wa kuuliza umepita, na bakteria mwenye usugu usio wa kawaida ahifadhiwe kwenye mchuzi wenye gliserini, kwenye friza, ili maabara ya rufaa iweze kumthibitisha. Sahani nyingine zote, pamoja na mirija na vitanzi vya plastiki, ziingie kwenye mfuko mwekundu na kupitishwa kwenye otoklevu kwa nyuzi 121 kabla hazijatoka ndani ya maabara, hata kama anayekuja kuzichukua ameshafika mlangoni na anapiga honi.